Akala Yenye Tundu

Kiwanjani, Isiolo
21 Januari 2025

Kwa Baba yangu Lokuruka,

Ejok, Apa. Habari ya Leparua, habari ya mbuzi, na mgongo wako umeamkaje? Mimi ni mzima isipokuwa mguu. Naandika kwa sababu simu yako haipati mtandao, na pia najua unavyosema, kwamba simu ni chombo cha mtu kusema niko njiani akiwa bado chini ya blanketi. Barua nampa Dan wa boda akileta unga huko.

Ni kisigino cha kushoto. Asubuhi nikikiweka chini ni kama nimekanyaga msumari uliotoka motoni. Nashika ukuta, natukana. Nikishatembea kidogo kinatulia, nakimbia nacho, halafu nikikaa kunywa chai na kuinuka kimerudi. Kilianza Agosti nikakipuuza. Kocha Munene aliniambia nipunguze mbio, nikamwona amezeeka. Lakini kilichanika kabisa Desemba, siku ya Erot, na siku hiyo sijakueleza yote kwa sababu wewe ulikuwa kisimani na baadaye hukuuliza.

Erot aliinua mikono, Baba. Aliacha fimbo, akasimama, akainua mikono. Wale wezi wa mbuzi wakampiga risasi ya tumbo na mmoja akacheka. Mwingine alimkanyaga shingoni akivua saa yake, na kaka yangu bado alikuwa anapumua, nilimwona akipumua. Mimi nilikuwa nyuma ya jiwe. Ndala zilinitoka, nikakimbia peku kilomita kumi na nne hadi barabarani kutafuta gari. Sijawahi kukimbia vizuri namna ile maishani. Hilo ndilo linaloniua. Tuliporudi na polisi nzi walikuwa wamefika kabla yetu.

Sasa kila asubuhi kisigino kinaniambia habari hiyo upya. Juzi kwenye kibanda cha chai mtu alisema sisi wa Leparua tunajua kukimbia tu. Nilimpiga na chupa ya chai usoni hadi ikapasuka. Sijuti.

Majaribio Nairobi ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni. Timu itachukua wakimbiaji wanne, wapewe kitanda, chakula na kazi. Nikiwa na mguu huu sitamaliza hata nusu. Niambie la kufanya.

Ni mimi mwanao,
Lotukoi


Leparua
4 Februari 2025

Kwa Lotukoi, mwanangu uliyebaki,

Salamu nyingi. Mgongo ni ule ule, mbuzi ni wachache, na mimi nakula. Dada yako Judy anakusalimu, mimba yake inaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikuuliza siku ya Erot kwa sababu sikutaka kujua kama aliinua mikono. Sasa najua. Ulifanya vizuri kukimbia, na ukiniambia tena kwamba ungebaki nyuma ya jiwe ufe naye nitakuja Kiwanjani kukuchapa, na mgongo huu huu.

Hayo mambo ya chupa za chai uache. Mwenye hasira kama wewe akiishi mjini ataishia kifungoni au kaburini. Najua pia vijana wa hapo wanazungumza juu ya kulipiza. Sikia. Mimi nilifuata nyayo za wale watu hadi majabali yaliponipoteza. Walikuwa watano. Mmoja ana buti, wawili akala, mmoja amevaa sandali za plastiki, mmoja peku amekosa kidole cha mwisho. Nilikuwa askari wa wanyamapori miaka kumi na tisa na sijaona unyayo wenye kabila. Atakayekuambia ni watu fulani, muulize aliona nini ambacho mimi sikukiona.

Kuhusu kisigino, nenda Wabera ukamtafute Hawo, binti ya Abduba. Amesomea mambo ya viungo, watu wanamwita Hawo wa fizio. Abduba unamjua, si wa kabila letu lakini ndiye tuliyefanya naye kazi, na ndiye mtu pekee upande huu wa Isiolo anayesoma ardhi kama mimi, ingawa yeye atakuambia anasoma zaidi. Tulipomzika Erot alishika jembe na kifua chake kile kibovu akachimba hadi nikamwondoa kwa nguvu. Mwambie Hawo umetumwa na mimi.

Nimekutumia na akala. Ni za tairi la Land Rover, nimezichonga mwenyewe siku mbili. Ile ya kushoto nimeitoboa tundu chini ya kisigino, ukubwa wa mdomo wa kikombe, na kuizungushia ngozi laini ya mbuzi pembeni. Kisigino kitaning'inia, hakitagusa chini. Punda wetu alipoumia kwato nilimtengenezea hivyo hivyo akabeba maji miaka sita, na wewe huna akili kumpita sana.

Ukimbie hiyo Juni uondoke hapa. Sitaki kingine kutoka kwako.

Baba yako,
Lokuruka


Kiwanjani
26 Februari 2025

Kwa Baba,

Ejok. Natumaini mvua imewafikia na Judy anaendelea vizuri. Akala nimepata, asante. Nazivaa asubuhi nikishuka kitandani na nikienda sokoni. Watu wanacheka unyayo ninaouacha, maana katikati ya kisigino kunabaki kilima kidogo cha udongo kama kichuguu kichanga. Nimewaambia ni mtindo wa Land Rover.

Kwa Hawo nimekwenda mara tatu. Ni mwanamke mrefu, mkali, mikono yake kama koleo. Siku ya kwanza aliuweka mguu wangu juu ya paja lake, akatafuta kwa kidole gumba, akabonyeza mahali pale pale, nikainua ngumi. Kweli nilitaka kumpiga. Aliitazama ngumi akasema, "Ukimaliza na hiyo niambie, tuendelee."

Anasema chini ya unyayo kuna utando mgumu kama mkanda, unatoka kisiginoni hadi kwenye vidole, na wangu umechakaa pale unaposhikilia mfupa. Nimeuvuta miezi minne bila kuupa nafasi, halafu nikaumalizia juu ya mawe. Nilimwomba sindano. Akasema sindano inaweza kunyamazisha maumivu, lakini nikienda kukimbia juu yake naweza kuukata kabisa, basi nisahau.

Dawa yake ni ya kuchosha. Nasimama ukingoni mwa ngazi, taulo imekunjwa chini ya vidole ili vipinde juu, kisigino kinaning'inia hewani. Napanda kwa hesabu ya tatu, nakaa juu mbili, nashuka tatu. Mara kumi na mbili, napumzika, narudia. Siku moja ndiyo, moja hapana. Yeye anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza, na nikienda haraka anaanza upya kutoka moja. Jioni nazungusha chupa ya barafu chini ya unyayo. Nisitembee peku hata kwenda kuoga. Kukimbia wiki tano hakuna, ni baiskeli tu. Alizicheka akala zako, akasema tundu haliponyi, linapunguza tu kilio, ila niendelee kuzivaa kwa sasa, na aliyechonga ana mkono mzuri. Niliona amefurahi.

Aliuliza ilianzaje. Nilimweleza, mikono juu na yote. Alishika kisigino changu kwa mikono miwili, halafu akasema turudie, moja.

Mwanao,
Lotukoi


Leparua
29 Machi 2025

Lotukoi,

Salamu. Mwandiko ni mbaya kwa sababu vidole viwili vimefungwa kijiti. Usishtuke ukisikia kwa wengine, ndiyo maana nakuandikia kabla.

Jumanne walikuja tena, mchana, nikiwa na mbuzi kwenye laga, ule mto mkavu wenye mchanga mweupe. Walikuwa vijana. Nilimwambia mmoja mimi ni umri wa babu yake, akanipiga na kitako cha bunduki mdomoni. Meno matatu yametoka, moja nimelimeza. Nilipoanguka walikanyaga mkono wangu wa kulia, polepole, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaovuka daraja. Wamechukua mbuzi kumi na mmoja na yule beberu mweupe wa Erot.

Mimi ni mzima. Nakula uji. Judy ananitukana kwa sababu nakataa kwenda hospitali.

Usije. Fanya mazoezi ya Hawo.

Baba yako


Kiwanjani
9 Aprili 2025

Kwa Baba,

Pole, Baba, pole sana. Nilipoisoma barua yako nilipiga ukuta wa chumba hadi mwenye nyumba akaja. Nimejifungia siku nne kwa kuogopa nitakachofanya.

Unaniambia nisije. Walimpiga Erot akiwa ameinua mikono. Wewe wamekuvunja vidole vile vile ulivyonichongea akala. Wakija mara ya tatu watamkuta Judy na tumbo lake, na mimi nitakuwa wapi? Ukingoni mwa ngazi, nikihesabu moja, mbili, tatu?

Shire, yule tuliyesoma naye, anasema mbuzi wako wameonekana kwenye kambi moja ng'ambo ya laga. Anasema beberu mweupe yupo. Ana watu wawili na bunduki moja.

Mguu unakaribia kupona. Asubuhi naamka, naukanyaga chini, nasubiri msumari, hauji. Jana nilikimbia dakika arobaini na Munene akaangalia saa yake mara mbili. Hawo amefurahi kuliko mimi. Sasa amenipa mkoba wa vitabu nibebe mgongoni nikifanya zoezi, na anasema wiki sita zaidi, nisijidanganye. Ana mdogo wake anaitwa Ganya, huja kumpelekea maziwa, tukacheka naye kidogo. Ameniuliza kama kweli nakimbia kilomita kumi kwa nusu saa. Nikamwambia chini ya hapo.

Nimepona, lakini sijui nimepona kwa kazi gani. Nakwambia ukweli ili usiseme nilikuficha.

Lotukoi


Leparua
17 Aprili 2025

Kwa mwanangu Lotukoi,

Salamu zangu ni fupi maana nina hasira, na mtu mwenye hasira asirefushe maneno.

Shire ameona beberu mweupe. Isiolo nzima ina mabeberu weupe. Shire hawezi kutofautisha unyayo wa mbuzi na wa kondoo, nilimfundisha mwenyewe akashindwa. Kambi za ng'ambo zinahama kila wiki kufuata majani. Aliyekuwa pale Jumatatu siye aliyepo Ijumaa. Ukienda kupiga, utampiga nani?

Mimi nimeshavunjwa, na meno hayaoti tena kwa kulipiza. Nikipoteza mbuzi wote nitachunga kuku. Lakini kama nikikupoteza wewe, au nikipewa wewe ukiwa muuaji, sina lingine la kufanya duniani. Mguu huo niliuchongea mimi na Abduba amemtoa binti yake auponye. Hauwezi kwenda popote unapotaka wewe.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nakuapisha kwa jina la mama yako aliye kaburini: kimbia mbio zako za Juni na usivuke laga.

Nijibu kwamba umesikia.

Baba yako,
Lokuruka


Kiwanjani
30 Mei 2025

Kwa Baba,

Habari za siku nyingi. Samahani kwa kukawia, mazoezi yamekuwa mengi. Natumaini vidole vimeshika na Judy amejifungua salama. Mimi ni mzima kabisa, kisigino hakinisumbui hata kidogo. Munene anasema nina nafasi nzuri.

Zile akala zimeibiwa nje ya mlango. Samahani, najua ulizifanyia kazi.

Kama umesikia maneno ya huko ng'ambo ya laga, usiyaamini yote. Watu wanaongeza.

Mwanao,
Lotukoi


Leparua
5 Juni 2025

Kwa Lotukoi,

Judy amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nimeanza na hilo ili uwe umelisikia kabla ya mengine.

Jumanne ile ya tarehe ishirini na saba Mei, kabla jua halijapanda, kambi moja ng'ambo ya laga ilivamiwa. Waliuawa wawili. Mmoja ni mzee wa watu, alipigwa risasi akitoka kukamua. Wa pili ni Ganya, mtoto wa Abduba. Alikuwa amekwenda pale siku mbili tu kumshikia mjomba wake ng'ombe.

Kamati ya amani ilituita mimi na Abduba tufuate nyayo pamoja, kila mmoja kwa upande wake, ili isisemwe mmoja ameficha. Ndivyo tunavyofanya, unajua. Abduba alitembea akimfuata muuaji wa mwanawe kwa hatua, hakulia, alikuwa anahema tu kwa kifua chake.

Ganya alikimbia. Nyayo zake zilikuwa ndefu, za mtu mwenye mbio. Nyuma yake zilikuja zingine, ndefu zaidi. Kila hatua alizidi kumkaribia kidogo. Zilikutana mita mia nne mbele, penye mti wa mgunga uliokatika, na hapo mchanga ulikuwa umevurugika na kuloa. Alikatwa kwa panga shingoni na mkononi. Mkono alikuwa ameuinua.

Nilipiga magoti. Mguu wa kulia ni akala ya kawaida ya Land Rover. Wa kushoto una tundu chini ya kisigino, ukubwa wa mdomo wa kikombe. Ndani ya tundu hapakuwa na kilima cha udongo. Palikuwa pamebonyea. Aliyevaa alikuwa anakanyaga kisigino chake hadi chini, kwa nguvu, bila maumivu yoyote. Nilijua ni wewe, na nilijua umepona, vyote kwa pamoja.

Abduba alikuja akasimama juu yangu. Akatazama unyayo, akatazama vidole vyangu vilivyopinda. Akaniuliza, "Lokuruka, hii kisu ni ya nani?" Alimaanisha kisu kilichoichonga akala ile.

Nikasema sijui.

Miaka hamsini na nane nimeishi, sijawahi kudanganya juu ya unyayo. Nilishawahi kupewa vitisho nikasema kweli, nilishawahi kumtaja binamu yangu. Siku hii nilimwambia sijui, mtu aliyemchimbia mwanangu kaburi. Hakubisha. Alisema tu, "Haya, tuendelee," na tukaendelea hadi majabali, akinitangulia, asinitazame.

Andika uniambie si wewe. Hata kwa uongo, nataka kuona mkono wako ukiandika uongo huo.

Baba yako


Kiwanjani
9 Juni 2025

Baba,

Ni mimi.

Nilivaa akala zako kwa sababu viatu vya mbio vina alama za kiwanda, kila mtu mjini anazijua, nikaogopa vitanitaja. Sikufikiri hata kidogo juu ya tundu. Nimezivaa miezi minne, nilikuwa sizioni tena.

Tulikwenda wanne. Shire aliyeahidi bunduki ndiye aliyefyatua kwanza, yule mzee hata hakuwa ametuona. Watu wakatawanyika. Mmoja alikimbia kuelekea laga, na wale wengine wakasema mwacheni, huyo hatumfikii. Mimi nikacheka. Nilianza kumfuata na mguu ukaitika, Baba. Kisigino kilikuwa kinapiga chini kama kipya. Nilikuwa nahesabu. Tatu, mbili, tatu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu Desemba, nakuambia kweli ingawa utanichukia.

Nilimfikia. Aliinua mkono na mimi sikusimama. Nilimkata mara mbili. Nilipomgeuza ndipo nikaona ni Ganya. Alinitambua.

Beberu mweupe alikuwepo. Hakuwa wa Erot. Ana doa jeusi sikioni.

Akala nimezitupa chooni. Alhamisi Hawo alinitumia ujumbe kwamba kliniki imefungwa kwa msiba, nisiache zoezi, nifanye peke yangu. Nilifanya. Sijui kwa nini nilifanya.

Munene anasema tuondoke kwenda Nairobi Ijumaa. Niambie niende.

Lotukoi


Leparua
11 Juni 2025

Lotukoi,

Jana nilitembea hadi kwa Abduba. Nilimkuta nje na watu wa matanga. Nikasema salaam aleikum, nikamwambia mbele ya wote: ile kisu ni yangu, na aliyevaa ni mwanangu. Vijana wake waliinuka. Mmoja aliniwekea panga hapa kwenye kola. Abduba aliwaambia wakae. Aliniambia, "Hiyo nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nangoja wewe." Hawo alikuwa mlangoni na birika mkononi. Aliingia ndani, nikasikia kitu kinavunjika.

Kwa hiyo sikuambii uende, na sikuambii usiende. Nakuambia yaliyopo. Abduba amewazuia vijana hadi Jumamosi. Baada ya hapo ni polisi au ni wao, na wao wako karibu zaidi. Ijumaa kuna gari la Nairobi. Mguu umepona, unaweza kukimbia hata Tanzania.

Lakini ukikimbia, watakuja kunipa mimi kazi ya kukufuata, kwa sababu hakuna mwingine. Nami nitaifanya. Nimepoteza nyayo kwenye majabali tu, na wewe huwezi kukimbia juu ya majabali maisha yako yote.

Nakupenda. Sikuwahi kukuandikia hivyo, nimeona niandike sasa.

Baba yako


Leparua
24 Juni 2025

Kwa Lotukoi, hospitalini,

Salamu, mwanangu. Judy anakusalimu na mtoto amepewa jina Nakolong kwa sababu alizaliwa jua likiwa kali. Askari wa mlangoni kwako amemwambia Dan kwamba barua wanazisoma kwanza. Wasome, hakuna jipya kwao.

Hukunijibu, lakini nilipata habari zako. Ijumaa ile Dan alisema amekushusha kwenye njia panda, ukakataa akupeleke mbele, ukavua viatu vyako vya mbio ukampa, ukaenda peku. Jumamosi asubuhi nilikwenda pale njia panda nikaanza kufuata.

Mwanzo ulitembea katikati ya njia. Penye mti wa kwanza ulisimama sana, vidole vimechimba. Halafu ukageuka kuelekea barabarani na kukimbia hatua sita. Nilizihesabu mara mbili, ni sita. Hapo nilikaa chini, sikutaka kuona ya saba. Kisha nikaona umerudi. Toka hapo hukukimbia tena. Ni hatua za mtu anayetembea, za upana mmoja, na kisigino cha kushoto kimekanyaga chote, kina chake sawa na cha kulia. Hawo alifanya kazi nzuri.

Mlangoni kwa Abduba kuna alama mbili za magoti. Baada ya hapo ardhi ina watu wengi, hata mimi sikuweza kuwatenganisha. Niliona mahali ulipoburutwa. Niliona jiwe walilotumia kwenye mguu, na jinsi walivyoliinua zaidi ya mara moja, na damu. Halafu pana alama ya mwili mzito ulioanguka chali juu yako, mikono imepanuliwa. Nilidhani ndipo mmoja wao alipokumalizia. Abduba akaniambia ni yeye, aliwaangukia katikati. "Usinishukuru," akasema. "Sikufanya kwa ajili yake. Nimechoka kuzika tu."

Ile methali niliyokuandikia Aprili nimeijutia.

Kesi itakuja na utafungwa, na ni haki ufungwe. Shire amekamatwa. Vijana wa Abduba hawajavuka laga, na wetu pia hawajavuka, hadi leo ninapoandika. Zaidi ya hapo simwahidi mtu.

Hawo ndiye aliyekufunga mguu siku ile kabla ya gari la polisi kufika. Labda hukumbuki. Nimekutana naye jana Wabera. Hakunisalimu, lakini alisimama. Akasema mfupa wa kisigino umepasuka vipande vitatu na utachukua miezi mitatu kushika, na baada ya hapo zoezi ni lile lile, ngazini, taulo chini ya vidole, polepole, siku moja ndiyo na moja hapana. Nikamuuliza nani atakuhesabia huko ndani. Alishika njia akaenda zake.

Vidole vyangu bado havinyooki vizuri, lakini hadi kumi na mbili najua. Jumatano ndiyo siku ya wageni. Nitakuja kila Jumatano watakayoniruhusu, nikuhesabie.

Baba yako,
Lokuruka